Cobra ya Marekani, mikono ya Port Elizabeth

Mwezi Februari 1962, gari dogo la wazi lisilo na injini wala giaboksi lilipakiwa kwenye ndege nchini Uingereza na kupelekwa Los Angeles. Lilikuwa limeundwa Thames Ditton, mkoa wa Surrey, na AC Cars, kampuni ndogo iliyozoea kutengeneza magari machache kwa mwaka. Aliyelisubiri upande wa pili alikuwa Carroll Shelby wa Texas, mshindi wa mashindano ya Le Mans ya 1959, ambaye moyo ulikuwa umemsumbua hadi akaacha kuendesha. Yeye na wenzake walilipeleka katika karakana ya Dean Moon huko Santa Fe Springs, California, na kwa saa chache tu wakawa wamelifungia injini ya Ford ya silinda nane. Hiyo ndiyo Cobra ya kwanza, namba CSX2000, iliyouzwa mnadani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Naanza na historia hii kwa sababu kila habari inapotoka kwamba utengenezaji wa nakala za Cobra, au za gari jingine la kale la mashindano, unahamishiwa kiwanda kipya ng'ambo, wapenzi wa magari hulalamika kwamba uhalisi umeuzwa. Gari wanalolitetea lenyewe lilizaliwa katika nchi mbili. Bodi na chesisi zilitoka kwa mafundi wa Kiingereza, injini ikatoka Marekani, na mtu mmoja mwenye maono akaziunganisha.

Cobra za asili zilikuwa karibu 1,000 tu, na utengenezaji wake uliisha mnamo 1967. Bei zake zilipopaa, watu wenye fedha za kawaida wakabaki wakitazama picha. Hapo ndipo biashara ya nakala ilipokua. Nakala ninayoizungumzia hapa ni gari zima, jipya, linalofuata umbo na vipimo vya gari la zamani, lenye chesisi iliyochomelewa upya, breki za kisasa na injini yenye nguvu za kweli. Huuzwa waziwazi kama nakala, na mnunuzi anajua anachonunua. Yapo yanayotengenezwa kwa leseni ya wenye jina, na yapo yasiyo na leseni. Ubora pia hutofautiana sana: yapo ambayo huwezi kuyatofautisha na ya asili mpaka usome namba ya chesisi, na yapo ambayo milango yake haifungi sawasawa tangu siku ya kwanza.

Ili kuelewa kwa nini magari haya hutengenezwa mbali na yanakouzwa, tuanze na sheria. Marekani, ambako ndiko soko kubwa liliko, gari jipya kamili lazima lifaulu majaribio ya kugongwa, liwe na mifuko ya hewa na lipimwe moshi. Kampuni inayotengeneza magari mia mbili kwa mwaka haiwezi kuharibu magari kadhaa ukutani ili kupata cheti. Kwa hiyo kwa miaka mingi nakala ziliuzwa zikiwa na kila kitu isipokuwa injini na giaboksi. Gari lilifika likiwa limepakwa rangi, viti vimefungwa na taa zinawaka, kisha karakana ya Kimarekani ikaweka injini kwa niaba ya mwenye gari, naye akalisajili kwa taratibu za jimbo lake. Mwaka 2015 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoruhusu kampuni ndogo, isiyotengeneza zaidi ya magari 5,000 kwa mwaka duniani kote, kuuza hadi nakala 325 kamili kila mwaka, ilimradi zifanane na gari lililotengenezwa angalau miaka 25 iliyopita. Kanuni za kuitekeleza zilikamilika mwaka 2021, baada ya miaka mitano ya kusubiri. Wakati wote huo mgawanyo wa kazi ulibaki uleule wa 1962: bodi na chesisi hutoka nchi moja, injini hufungwa katika nchi nyingine.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo ni saa za kazi. Kiwanda kikubwa cha magari hukandamiza bati la mlango kwa mashine ndani ya sekunde chache. Lakini kalibu za chuma za mashine hiyo hugharimu mamilioni ya dola, na gharama hiyo hubebeka tu ikigawanywa kwa mamia ya maelfu ya magari. Mtengenezaji wa nakala hana hesabu hiyo. Bodi yake hutoka katika kalibu ya faiba. Kalibu hupakwa nta mara kadhaa, kisha hupuliziwa tabaka la kwanza ambalo ndilo litakuwa ngozi ya nje ya gari. Juu yake fundi hutandika mkeka wa nyuzi za kioo, huulowesha kwa gundi maalumu, halafu hupitisha rola ndogo yenye mifereji ili kufukuza viputo vya hewa. Kiputo kilichobaki hakionekani siku hiyo. Huonekana baadaye, gari likiwa limeegeshwa kwenye jua la Arizona, hewa inapotanuka na rangi kuvimba. Baada ya bodi kutolewa kalibuni inakuja kazi ya milango na boneti. Upenyo kati ya mlango na bodi lazima ulingane kuanzia juu hadi chini. Fundi huupima, huupapasa kwa kidole, hupaka puti, hupiga msasa kwa kibao kirefu, hupaka tena, hupiga tena. Hakuna mashine ya kumfanyia kazi hiyo kwa bei ambayo kampuni ndogo inaweza kulipa.

Saa hizo lazima mtu azilipe. Mfano mzuri ni Factor Five, kampuni ya Wareham, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995 na ambayo haikuhamia popote. Imebaki nyumbani kwa kuuza gari likiwa vipande. Mteja hupelekewa masanduku, naye hushinda jioni na wikendi gerejini kwake akiliunganisha mwenyewe. Ni biashara nzuri, na wengi wa wateja wake hufurahia kuunganisha kuliko kuendesha. Lakini tazama kilichotendeka: saa za kazi hazikutoweka, zilihamishiwa kwa mnunuzi, tena bila malipo. Anayetaka gari lililokamilika, na hana fedha za kulipa mamia ya saa za fundi kwa viwango vya California, atalipata tu kama fundi huyo anaishi mahali pengine. Hivyo swali la maana kwa kampuni inayofikiria kuhama ni wapi walipo watu wanaoijua kazi hii.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kuhamisha kiwanda ni kutafuta nchi yenye mishahara midogo. Ingekuwa hivyo, nakala za Cobra zingetengenezwa katika nchi maskini kuliko zote duniani. Hazitengenezwi huko. Zimetengenezwa kwa maelfu Port Elizabeth, mji wa bandari wa Afrika Kusini ambao tangu 2021 jina lake rasmi ni Gqeberha, na sababu yake iko katika historia ya mji wenyewe. Ford ilianza kuunganisha magari hapo katika miaka ya 1920, katika jengo lililokuwa ghala la sufu. General Motors ikafuata mwaka 1926. Jirani tu, Uitenhage, ambayo sasa inaitwa Kariega, Volkswagen za kobe zilianza kutoka kiwandani mwaka 1951. Kwa vizazi vitatu familia za mji huo zimekula kwa kuchomelea, kupaka rangi, kushona viti na kutengeneza vipuri. Kisha katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ubaguzi wa rangi na vikwazo, Ford ilihamishia uunganishaji wa magari karibu na Pretoria na General Motors ikaondoka nchini. Mji ukabaki na mafundi wengi kuliko kazi.

Katikati ya miaka ya 1990 mfanyabiashara wa huko, Jimmy Price, alianza kutengeneza Cobra kwa jina la Superformance kupitia kampuni yake ya Hi-Tech Automotive. Zilisafirishwa Marekani bila injini na zikajijengea sifa ambayo nakala nyingi hazikuwa nayo: zinafika zimekamilika, milango inafunga kwa sauti nzito, rangi haina mawimbi. Baadaye kiwanda kikapewa kazi ambazo mnunuzi anayetafuta mishahara midogo tu asingethubutu kukipa. Noble ya Uingereza ilikitumia kuunda bodi na chesisi za M12, gari lake lenyewe la mbio ambalo halikuwa nakala ya kitu chochote, kisha injini zikafungwa Leicestershire. Peter Brock, aliyebuni Daytona Coupe, Cobra yenye paa ya 1964, alilichora upya gari hilo ili lijengwe hapo. Ikaja GT40, gari la Ford lililoshinda Le Mans miaka minne mfululizo kuanzia 1966. Watengenezaji wa nakala ya Port Elizabeth wanasema zaidi ya theluthi mbili ya sehemu zake zinaweza kubadilishana na za gari la asili. Filamu ya mwaka 2019 kuhusu ugomvi wa Ford na Ferrari ilipohitaji magari ya kukimbizwa na kuhatarishwa, baadhi yake yalikuwa ya Superformance. Watazamaji duniani kote waliona historia ya Marekani ikipita kwa kasi mbele yao, na wachache sana walijua kuwa ilichomelewa barani Afrika.

Mfano wa pili uko mbali na wa kwanza, lakini chanzo chake kinafanana. Mji wa Mielec nchini Poland ulikuwa na kiwanda cha ndege kilichotengeneza ndege za kivita za MiG kwa leseni ya Umoja wa Kisovieti, na ndege za An-2 zaidi ya 11,000. Ukomunisti ulipoanguka, maagizo yalikauka, na mwaka 1995 serikali ikaufanya mji huo kuwa eneo la kwanza maalumu la kiuchumi nchini Poland ili kuuokoa. Kipindi hichohicho ndugu wa familia ya Kirkham kutoka Utah walifika wakiwa na wazo la kutengeneza Cobra zenye bodi ya alumini, kama zilivyokuwa za asili. Alumini haina kalibu ya kumwagia gundi. Bati hupigwa kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga, huviringishwa kati ya magurudumu mawili ya chuma mpaka lipate mviringo, kisha vipande huchomelewa na kulainishwa hadi mshono upotee. Ni kazi ileile ya kuunda ngozi ya ndege. Mafundi wa Mielec walikuwa wakiijua kabla Mmarekani yeyote hajawaeleza Cobra ni nini, na bodi zao zilikuwa nzuri kiasi kwamba Shelby mwenyewe alizitumia katika baadhi ya magari yake mapya. Katika miji hii miwili kazi ya zamani ilikuwa imepungua, ujuzi ulikuwa bado mikononi mwa watu walio hai, na mgeni akafika kabla haujazeeka nao.

Kwa upande wa pili ipo AC yenyewe, mwenye jina halali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijaribu kutengeneza Cobra za nyuzi za kaboni nchini Malta, kisiwa kisicho na mila ya kuunda magari. Jaribio halikudumu, na mwaka 2009 kazi ikaonekana Ujerumani. Sidai kwamba ukosefu wa mafundi pekee ndio uliolimaliza jaribio la Malta. Kampuni hiyo imekuwa na matatizo ya fedha karibu katika kila enzi yake. Lakini inaonyesha kwamba kuwa na jina, haki na michoro hakutoshi. Jina lilihama, na kile kilicholifanya jina liheshimiwe hakikulifuata.

Sasa nijibu pingamizi, na nianze na lililo kubwa: kwamba huu wote ni wizi wa ubunifu, na kuupeleka ng'ambo ni kuuficha mwizi. Shelby aliamini hivyo, akaishtaki Superformance katika mahakama ya shirikisho ya Massachusetts. Mahakama iliona kwamba umbo la Cobra ya toleo la 427 halikuwa tena alama inayowatambulisha watu mtengenezaji mmoja, kwa kuwa nakala zilikuwa zimezagaa kwa miongo. Baadaye pande hizo mbili zilikubaliana, na magari ya Superformance yakatengenezwa kwa leseni ya Shelby. Umbo lenyewe nalo lina ukoo mrefu. AC Ace, mzazi wa Cobra, ilitokana na gari la John Tojeiro la mwanzoni mwa miaka ya 1950, na bodi ya gari hilo ilichorwa kwa kuitazama Ferrari 166. Sisemi hivyo kuhalalisha kila nakala. Kutumia jina na nembo ya mtu bila ruhusa ni kosa, na kubandika namba za uongo ili gari lionekane la 1965 ni utapeli mtupu unaostahili jela. Ila kutengeneza umbo la zamani kwa uwazi ni jambo jingine, na haligeuki kuwa baya kwa sababu linafanyika Afrika au Ulaya Mashariki.

Pingamizi la pili ni ajira: kwamba kila gari linalojengwa ng'ambo ni mshahara uliotoka mfukoni mwa fundi wa nyumbani. Lina ukweli mahali ambapo kiwanda kilichokuwa kinafanya kazi kinafungwa ili kihamishwe, na wenye kampuni hawapaswi kulipaka sukari jambo hilo. Lakini katika biashara hii mara nyingi hakuna kiwanda kilichofungwa. Nakala kamili ya bei ya wastani ilikuwa haiwezekani kabisa kwa mishahara ya Marekani, na gari lisingekuwepo. Lilipokuwepo, likaleta kazi pande zote mbili: karakana za Kimarekani zinazojenga na kufunga injini ziliishi kwa magari yaliyofika na kontena kutoka Port Elizabeth. Huwezi kulilaumu gari kwa kupora kazi ambayo pasipo hilo haikuwepo.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi, nalo sina jibu jepesi. Fundi anayepiga msasa Cobra huko Eastern Cape, mkoa ulipo mji wa Port Elizabeth na wenye ukosefu mkubwa wa ajira, hatalimiliki gari hilo maishani. Sifa huenda kwa jina la Marekani, na sehemu nono ya faida hubaki kwa anayeliuza. Hata hivyo kipimo changu ni kile ambacho kazi inamwachia mfanyakazi na mji wake. Kiwanda kinachopokea michoro na kuambiwa fuata tu kitabaki mtumwa wa michoro. Kiwanda kilichoshiriki kuitafuta njia ya kuijenga Daytona upya, kikajifunza kutoka Noble na kikaweza kuunda chesisi ya GT40 ya bati la chuma lililokunjwa na kuunganishwa kwa mamia ya sehemu, kina kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kwa mwenye mali. Anayetaka kulaumu mpango fulani wa kuhamia ng'ambo aulize kama wahandisi wa huko wanapewa kazi ya kufikiri. Wasipopewa, lawama ni halali.

Hatari za kweli za kuhama ziko kwingine, na matangazo ya kampuni hayazitaji. Ya kwanza ni sarafu. Kiwanda hulipa mishahara kwa randi na huuza kwa dola. Mwishoni mwa 2001 dola moja ilinunua karibu randi 13. Mwishoni mwa 2004 haikufikisha randi 6. Kwa miaka mitatu hiyo mtengenezaji ambaye hakubadilisha chochote, mafundi walewale, rangi ileile, aliona mapato yake kwa randi yakikatwa zaidi ya nusu. Aliyehamia Afrika Kusini kwa sababu tu randi ilikuwa rahisi alipoteza sababu yake yote. Aliyehamia kwa sababu ya mafundi alibaki na mafundi. Ya pili ni ushuru. Kwa miaka mingi magari kutoka Afrika Kusini yaliingia Marekani bila ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa biashara na Afrika, kisha Aprili 2025 serikali ya Marekani ikatoza asilimia 25 kwa magari kutoka nje. Magari yaliyotengenezwa zaidi ya miaka 25 iliyopita yalisamehewa, lakini msamaha unahesabu mwaka wa kutengenezwa, wala hautazami sura. Gari jipya lenye umbo la 1965 bado ni gari jipya. Biashara inayotegemea soko moja la ng'ambo inaweza kuamka asubuhi ikakuta hesabu zake zote zimebadilishwa na sahihi moja.

Kwa sababu hiyo naona ni kosa kubwa kampuni inapotangaza kiwanda kipya cha ng'ambo kwa kutaja ukubwa wa jengo na bei itakayoshuka. Jengo hujengwa kwa mwaka mmoja. Kalibu husafirishwa kwa mwezi. Jicho la kuona kwamba mlango umepinda milimita mbili huchukua miaka, na haliingii kwenye kontena. Kampuni inayohama vizuri huhamia pale lilipo jicho hilo, au hupeleka mafundi wake wazee wakae na wapya muda mrefu kabla gari la kwanza halijauzwa, na hukubali kwamba magari ya mwanzo yatavunjwa na kurudiwa kwa gharama yake yenyewe. Kampuni inayohama vibaya huwapa wateja wake wa mwaka wa kwanza kazi ya kuvumilia majaribio.

Lipo pia deni la haki ambalo wenye majina makubwa wanapaswa kulilipa. AC na Thames Ditton wametajwa katika kila kitabu cha historia ya Cobra, na wanastahili. Leo ujuzi huo unaishi Gqeberha, na gari linalotoka huko likiwa na milia ya Kimarekani mgongoni linaweza kabisa kubeba, mahali ambapo mnunuzi ataliona bila kupiga magoti kusoma kibao cha chesisi, jina la mji uliolijenga. Wauzaji wa Marekani na Ulaya walibandike jina hilo kwa fahari, na wanunuzi walidai.